Nilivyomkatalia Mama Mkwe Treni

Mama mkwe alipokuja Wembley kutoka Machakos, mke wangu alipendekeza tumtembeze Ufaransa na Ubelgiji kwa treni. Nikakataa. Treni ni za wasiojua kuendesha, nikasema, na picha zote nilizomtumia mama nimeshika usukani, kila mwezi gari jipya.

Basi mke wangu akakodi gari mtandaoni. Asubuhi ya safari teksi ikatushusha Hounslow, kwenye kampuni ya kukodisha magari, kazini kwangu, mahali ambapo sikuwahi kumwonyesha mke wangu. Nikavuta kofia hadi kwenye nyusi. Msimamizi, Mkenya mwenzetu, akamwamkia mama kwa heshima, kisha akanipa ndoo.

"Afadhali umefika. Gari la mama bado halijaoshwa."

Mama akanigeukia. "Na leseni unayo?"

Nikaangalia ndoo.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "treni inaondoka saa ngapi?"