Eda ya Mpiga Mieleka

Mtu akikuuliza Jeilani wa Pate alifanya kazi gani huko ng'ambo, usijisumbue kueleza mengi. Mwambie alikuwa akianguka. Ndiyo kazi yenyewe, naye aliifanya miaka tisa, Bombay, Karachi, Kolombo na Singapoo, mbele ya watu waliosukumana mlangoni ili wamwone akibwagwa chini kwa kishindo.

Aliondoka Amu, yaani Lamu, mwaka wa arubaini na nane, baharia wa meli ya moto, kazi yake kutia makaa kwenye tanuri. Alikuwa pandikizi la mtu, mwenye shingo nene na maneno machache. Nyuma alimwacha mkewe Saadiya, binti wa Amu, katika nyumba ambayo baba yake Saadiya alimpa bintiye siku ya harusi, kama ilivyo ada ya mji ule. Mume huja na sanduku lake akaishi kwa mkewe. Jeilani alimwahidi mwaka mmoja tu, na Saadiya alimwamini.

Bombay homa ilimshika, meli ikaondoka bila yeye. Alipopona akawa mchukuzi bandarini, na huko ndiko alikomwona Bwana Rustam, mwenye hema kubwa la mieleka. Bwana Rustam alimtazama akibeba magunia mawili kwa mpigo, akamzunguka kama anayetazama ng'ombe wa kununua, akamwambia kesho aje hemani.

Mieleka ya kwao Jeilani aliijua. Vijana hukutana mchangani, mmoja akamwangusha mwenziwe, wakacheka, wakaenda kuoga. Ya Bombay ilikuwa kitu kingine. Alasiri wapiganaji wote waliketi kunywa chai, na Bwana Rustam akatoa kikaratasi mfukoni, akasoma nani atashinda, nani ataanguka, na dakika ya ngapi. Jeilani alidhani ni mzaha. Siku yake ya kwanza alipangiwa kuanguka mbele ya Mpunjabi mmoja, pahalwani mashuhuri, kama Wahindi wanavyowaita wapiga mieleka wao. Badala yake alimkamata kiunoni, akambwaga kabla watu hawajamaliza kukaa. Hema zima likanyamaza. Baadaye Bwana Rustam alimpiga kofi la kisogoni.

"Mjinga wewe. Watu wamekuja kuburudika, wewe wawafungia duka."

Akajifunza. Kuanguka kuna ufundi wake, asikudanganye mtu. Unatangulia mgongo, unapiga mkono sakafuni ili kishindo kisikike mpaka nyuma, kidevu unakibana kifuani. Unapiga kelele kabla ya maumivu, kwa sababu maumivu yenyewe yakija hayana sauti nzuri. Walimpa jina, Zimwi la Zanzibar. Zanzibar yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, akiwa melini, na hakushuka. Walimvika ngozi ya chui na shada la mifupa, wakamkataza kusema neno lolote la binadamu ulingoni, angurume tu. Walitaka pia ale ini bichi mbele ya watu. Hilo alilikataa mpaka waliponunua ini la kondoo aliyechinjwa na Mwislamu, kwa bismillahi, na yeye mwenyewe akasimama pale buchani akashuhudia. Bwana Rustam alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Wakazunguka. Karachi umati ulitaka Mpunjabi ashinde, basi akashinda. Kolombo walitaka Msinhala wao, kijana mwembamba ambaye Jeilani angeweza kumbeba kwa mkono mmoja, naye akashinda, wanawake wakarusha maua. Singapoo, katika kiwanja cha michezo chenye taa za rangi, Mchina mmoja alimkalia kifuani mara kumi na nne katika wiki mbili. Palikuwa na Mhangari mwenye upara aliyechukiwa kila mji, na Mgiriki wa Iskandaria aliyelia kweli kweli watu walipomzomea. Kila nchi ilikuwa na bingwa wake kwenye mabango, na kila bingwa alihitaji mtu wa kuanguka. Watu walipenda mno. Wazee wazima walipanda juu ya viti wakitukana, na mwanamke mmoja wa Kiparsi, wa makamo, mke wa mwanasheria, alimpiga Jeilani kwa kiatu mgongoni, kisha akamwomba radhi nje kwa adabu.

Mwanzoni aliandika barua. Saadiya alijibu kwa mkono wa mabaharia, mwandiko wake mdogo wa Kiarabu umejaa ukurasa mpaka pembeni. Ukuta wa jikoni umepasuka. Mamake Jeilani, Bi Tima, anakohoa. Lini warudi. Jeilani alizisoma barua hizo kama anavyosoma bango la ukutani. Alijua kuwa anapaswa kuona uchungu, akaungoja, usije. Miaka minne ya kujifanya anaumia ilikuwa imemfanya hivyo, au labda alikuwa hivyo tangu zamani, sijui. Moyo ulikufa ganzi kwanza. Vidole vya mkono wa kushoto vilifuata.

Mwaka wa hamsini na tatu, Bombay, Bwana Rustam alizua jambo jipya. Zimwi lipigwe mpaka life. Mpunjabi amwangushe kwa kichwa, daktari wa bandia aingie ulingoni, ashike mkono, atikise kichwa. Kisha lifunikwe shuka jeupe toka utosini mpaka miguuni, libebwe kwa jeneza katikati ya watu. Wiki mbili baadaye zimwi lifufuke, na hema lijae tena. Bawabu aliagizwa kuwa yeyote atakayeuliza aambiwe amekufa.

Ikaendelea vizuri. Jeilani alilala chini ya shuka akipumua polepole, wabebaji wanne wakamwinua. Watu walikuwa wakilia, wakitukana, wakiomba. Ndipo aliposikia jina lake.

"Jeilani! Jeilani wa Bi Tima!"

Aliitambua sauti. Ilikuwa ya Barka, mtu wa Pate, baharia, waliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani. Barka alikuwa akisukuma watu ili alifikie lile jeneza. Ilikuwa kazi ya kufumbua jicho moja tu. Kazi ya kutikisa kidole. Jeilani hakutikisa. Chini ya shuka lile palikuwa na mwanga hafifu mweupe, na kimya, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hapakuwa na mtu aliyemtaka afanye lolote. Aliwaacha wabebaji wampitishe. Alijiambia kesho ataandika barua. Alinunua hata karatasi. Ikakaa mezani, ikafunikwa na vikombe vya chai, ikapita wiki, ukapita mwaka.

Miaka mingine minne akafa na kufufuka katika miji mingi. Mkono wa kushoto ulipokuwa haushiki tena, Bwana Rustam alimkumbatia, akampa koti zuri, akamtafutia meli ya Mombasa. Hakuwa mtu mbaya.

Mtu wa kwanza aliyemwona Jeilani aliposhuka gatini Amu, mwaka wa hamsini na saba, asubuhi, alikuwa Barka huyo huyo. Alikuwa akishusha magunia ya chokaa. Alisimama, akasema bismillahi, akamshika bega, akamshika uso, kisha akakaa chini juu ya gunia.

"Tulikusalia," Barka akasema. "Mimi na mwenzangu tulikuona kwa mato yetu umefinikwa. Tulikuja kwa kadhi tukala yamini kuwa umekufa. Ijumaa mji mzima ukakusalia sala ya maiti, ya ghaibu."

"Na mamangu?"

"Bi Tima amekufa mwaka juzi."

"Na Saadiya?"

Barka alitazama magunia yake. "Alikukalia eda mpaka ikesha. Kisha akaolewa na Abdulqadir, seremala. Wana mwana wa kike."

Jeilani alikwenda mpaka ile nyumba. Hakuwa na pengine pa kwenda, na miguu ilijua ndia yenyewe. Kwenye daka, kile kibaraza cha mawe mbele ya mlango, alikaa akabisha hodi kwa kiganja. Aliyefungua ni Abdulqadir, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye ndevu. Alimjua mgeni wake mara moja. Rangi ilimtoka, lakini hakufunga mlango. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akarudi na kahawa, akaiweka kati yao. Wakanywa. Ndani mtoto alikuwa akiimba, na sauti ya mwanamke ikamwambia anyamaze. Jeilani aliitambua sauti ile, na kitu kikamgusa tumboni, kidogo, kama mtu anayegonga ukuta wa nyumba ya jirani. Alishangaa. Akajua kuwa anamtaka mkewe. Lilikuwa jambo la kwanza kulitaka kwa muda ambao hakuweza kuukumbuka.

"Twende kwa kadhi," Abdulqadir akasema mwishowe. "Haya si yetu kuyaamua."

Walikwenda baada ya alasiri. Kadhi alikaa na karani wake, Abdulqadir upande mmoja, Jeilani upande mwingine, Barka nyuma karibu na mlango kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa kwanza. Saadiya alikaa nyuma ya pazia na shangazi yake.

Kadhi aliwaeleza taratibu, kwa kuwa alijua kuwa kila neno litamwumiza mtu. Ndoa ya kwanza haikuvunjika, kwa sababu mume hakufa. Hakuna aliyetenda dhambi, na mtoto ni mtoto wa halali. "Jeilani, ukimtaka mkeo, Abdulqadir atatoka katika nyumba, Saadiya atakaa eda, kisha atarudi kwako. Ukimwacha, atakaa eda yako, kisha Abdulqadir atamwoa upya. Chaguo ni lako. Wamtaka?"

Abdulqadir aliitazama mikono yake.

"Namtaka," Jeilani akasema.

Karani akachovya kalamu. Hapo Saadiya akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, kwamba anaomba ruhusa ya kuuliza neno moja. Kadhi akampa.

"Barka alituambia kuwa alikuita kwa jina lako na la mamako. Alikuita mara mbili. Jeilani, ulisikia?"

Sasa tazama. Angeweza kusema hakusikia. Makelele ya watu, kichwa kimepigwa, nani angembishia? Miaka tisa alikuwa akila kwa kujifanya, na hii ilikuwa ndogo kuliko zote. Neno moja tu, na nyumba ni yake, na mke ni wake. Alifungua kinywa kulisema. Lakini sauti ile nyuma ya pazia ilikuwa ikingoja, na ilikuwa imengoja tangu mwaka wa arubaini na nane. Hakuweza.

"Nalisikia," akasema.

Barka alikuwa amesimama kule nyuma.

"Mbona hukuinuka?" Saadiya akauliza.

Jeilani alifikiri kwa bidii, kwa kuwa alitaka kumjibu kweli. "Palikuwa pazuri pale chini," akasema. "Hapana aliyenitaka kitu."

Shangazi alisikika akivuta pumzi.

"Mimi nilikuwa chumba cha ndani," Saadiya akasema. "Miezi minne na siku kumi. Sikutia wanja, sikutia mafuta nyweleni, sikuona jua. Mamako alitoka Pate akaja kukaa na mimi, tukikulilia sote wawili, mpaka kikohozi kikamlaza. Kumbe nawe ulikuwa umepumzika." Hakupaza sauti hata kidogo. "Bwana kadhi, mwambie aniwache. Eda ya maiti nimekwisha kumkalia. Sasa nimkalie ya mtu hai."

Kadhi alimgeukia Jeilani. Jeilani alijua kwamba haki bado ni yake, na kwamba akiishikilia hakuna wa kumnyang'anya. Akaitamka talaka, neno kwa neno, wazi, bila kugugumiza, kisha mkono wake wa kulia ukatia sahihi mahali karani alipomwonyesha. Abdulqadir alikuwa akilia waziwazi na hakujua amtazame nani. Wanawake walitoka kwa mlango wa nyuma.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, na Barka akawa wa mwisho. Alikuja akasimama mbele ya Jeilani, mikono imening'inia.

"Meli yetu ilikuwa iondoke siku ile," akasema. "Tulimwomba nahodha siku mbili. Tulizunguka misikiti yote ya Bombay na makaburini, tukiuliza, tukitafuta mwili wako tuuoshe. Tulikuwa tumenunua sanda."

Barka akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake. Karani alikusanya karatasi, akafunga dirisha, akamwambia kwa upole kuwa wanafunga.