Nilimpalilia Kaka

Niseme mapema ili msije mkanihurumia bure: hakuna aliyenilazimisha. Jembe nilinunua mwenyewe hapa hapa Kariakoo, nikachagua lenye mpini mwepesi kwa sababu ya bega langu bovu, nikaingia uani kwa mama kufyeka huku naimba kasida. Mpumbavu mie, naimba!

Nyumba yetu iko mtaa wa mwisho, pale Kariakoo inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Jangwani. Mbele kuna baraza na kelele za biashara. Vyumba vitatu vya mbele kaka yangu amevipangisha kuwa stoo za viatu, maboksi yamepanda mpaka darini. Lakini ukipita ukumbi wote ukafungua mlango wa nyuma, unakuta uani, ukuta mfupi wa matofali uliomeguka, halafu matuta ya mchicha na matembele ya watu mpaka kule bondeni. Wageni huwa hawaamini kwamba soko liko hatua chache tu nyuma yao.

Zamani uani kulikuwa na asumini, mrehani na mkadi. Mama alisuka vikuba vya kuuza, vile vishada vya maua ya kunukia, na kila harusi ya mtaa ule ilinukia kwetu kwanza kabla haijanukia kwa bibi harusi. Sisi wawili, mimi na kaka, tulisomeshwa kwa maua yale. Halafu mama akaanguka, akalala kitandani miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimeachika, nikarudi kumuuguza. Kumgeuza, kumuosha, kumlisha uji, nani angekuwa na nafasi ya kuchungulia nyuma? Siku tunamzika, uani palikuwa pori.

Kwenye hitma ya arobaini kaka alisimama mbele ya ndugu wote. Akasema, "Uani na chumba cha nyuma ni vya mdogo wangu huyu. Ndiye aliyemuuguza mama. Hakuna atakayemgusa." Wanawake wakasema mashallah, mimi nikalia mpaka nikashindwa kugawa pilau. Mchana ule ule akaniletea karatasi ya kukubali kwamba yeye awe msimamizi wa mirathi. Nikaweka sahihi juu ya sinia, mkono bado una mafuta. Sikusoma. Nisome nini? Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka chuo cha Kurani siku za tope.

Basi nikaanza. Mibarika ilikuwa mirefu kunizidi, na katikati yake upupu umejificha. Siku ya kwanza nilijikuna mpaka nikavua ushungi nikajikuna na kichwa. Siku ya nne akatoka kenge chini ya mabati, mnene, hana haraka, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake. Nilipiga ukelele mpaka mama mmoja anayelima mchicha ng'ambo ya ukuta akaacha keni yake ya kumwagilia na kuja kuchungulia.

"Jirani," akasema, "unalima au unapigana?"

Tukacheka, na tangu siku ile tukawa tunaongea kila asubuhi, yeye kwenye matuta yake, mimi kwenye magugu yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba tatizo la uani kwetu si magugu, ni maji. Mvua ikikaza, maji ya bondeni hupanda yakaja kutuama mpaka mlangoni. Akanielekeza pa kuchimba mtaro, na akaniruhusu niupitishe pembeni mwa shamba lake. Nilichimba wiki tatu. Bega liliwaka moto, lakini masika yalipokuja nilisimama mlangoni na kanga yangu kichwani, nikaangalia maji yakija, yakija, yakafika kwenye mtaro, yakageuka. Hayakugusa hata kizingiti. Wallahi nilijisikia mtu.

Na asumini ya mama sikuipanda mimi. Niliikuta. Ilikuwa kisiki kikavu chini ya mibarika, nikakikata, nikakitilia samadi, nikakimwagilia bila matumaini. Siku kilipotoa jani nilikaa chini kwenye udongo nikamwambia mama, kwa sauti kabisa, "Umeiona?"

Kaka alikuwa anakuja mlango wa nyuma kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa. Mimi namwamkia, "Shikamoo kaka," na yeye "Marahaba" yake hutoka kabla sijamaliza, tangu utotoni ndivyo alivyo. Anasimama, anapiga funda moja, anasifu. "Hapo pembeni napo papendeze. Palilia mpaka ukutani, mdogo wangu." Nami napalilia. Sifa za kaka zilikuwa zinanitia nguvu kuliko chai.

Siku moja, asumini imeshachanua na mrehani niliopanda umejaa, akaja na wageni, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Akaniambia ni rafiki zake, wamesikia habari za bustani. Nikafurahi, jamani! Nikawakaribisha kwenye mkeka, nikawapa juisi ya ukwaju, nikamsukia yule mama kikuba, nikamchomekea mwenyewe kwenye mtandio. Mmoja wa wanaume akawa anatembea kwa hatua ndefu kutoka ukutani mpaka mlangoni, mdomo unamchezacheza. Mwenzake anapiga picha na simu. Nikadhani wamependa maua.

"Hebu waeleze habari ya maji," kaka akaniambia.

Nami nikawaeleza! Nikawapeleka mpaka kwenye mtaro, nikawaonyesha kwa mguu masika yalipoishia. Nikasema, "Hata inyeshe vipi, hapa maji hayapiti. Muulizeni jirani." Nikamwita na jirani atoe ushahidi. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Yule mama akanishika mkono akasema nina baraka.

Baada ya wiki mbili jirani akaja kwangu, mara ya kwanza kupita mlango wa mbele. Amejifunga kanga mpya, ana fungu la mchicha mkononi. Akaketi, akasema amekuja kuniaga.

"Kuniaga? Unahama?"

Akanikodolea macho. "Mimi? Si wewe unayehama?"

Ndipo akaniambia. Watu walikuwa wamekuja na vigingi, wakamwambia avune mchicha wake mapema kwa sababu malori yatapita pale. Nyumba yetu imeuzwa, inabomolewa, linapandishwa ghorofa. Alidhani najua. Wapangaji wa stoo wanajua, muuza kahawa wa barazani anajua. Mtaa mzima ulikuwa unanipita na salamu, "Pole na kazi dada, bustani imependeza!" Loo! Walikuwa wananitazama namwagilia maji nyumba ya watu.

Nilimkuta kaka ukumbini, anahesabu maboksi ya mpangaji.

"Kaka, umeuza nyumba?"

Hakukana. Angekana ningemwamini, ndivyo nilivyokuwa. Akaweka kofia yake sawa, akasema, "Nilikuwa nakutafutia wakati mzuri wa kukuambia."

"Na uani? Si ulisema mbele ya watu?"

"Wale wageni walikuja mara ya kwanza mama akiwa hai, wakaona pori na maji, wakakataa," akasema, taratibu, kama anamweleza mtoto. "Sasa nikuulize wewe. Ningekuambia ukweli, ungepalilia?"

Mama akiwa hai! Mimi chumbani namgeuza asipate vidonda, yeye ukumbini anawapitisha wanunuzi kwa kunyata. Akaendelea kwamba fungu langu nitapewa kama dini inavyosema, nisiwe na wasiwasi, nitafute chumba Mbagala au popote. Halafu akaongeza, na hili ndilo siwezi kulimeza mpaka leo:

"Ila nakuomba usiache kumwagilia. Waje wakabidhiwe pakiwa vile vile. Wasikute pamekauka."

Nimeumia. Nilipoachika niliumia, lakini mume ni mtu wa kuja, ana kwao. Huyu kwao ni kwangu. Nilimpa bega langu na mikono yangu, na sahihi yangu pia, na kila alichonipa yeye, hata sifa za asubuhi, kumbe alikuwa ananinyooshea kamba tu nifike anapotaka.

Ndugu niliowapigia simu waliniambia nisiitie familia aibu. Waliokuwepo kwenye hitma, waliosema mashallah, sasa hawakumbuki vizuri kilichosemwa. Jirani peke yake ndiye aliyeniambia kwamba msimamizi wa mirathi si mwenye mali, na kwamba nyumba haijakabidhiwa bado. Alisema niende mahakama ya mwanzo nikaweke pingamizi, naye atakuja kusema alichokiona. Nikatoa nakala ya ile karatasi niliyoachiwa siku ile. Bado ina doa la mafuta ya pilau.

Jumatatu asubuhi niliipindua keni yangu chini juu pembeni ya asumini. Nikavaa buibui langu, nikaweka bahasha kwapani, nikapita ukumbini kati ya maboksi ya viatu. Kaka alikuwa barazani na kahawa yake, macho kwenye simu. Aliposikia hatua zangu mlangoni, bila kunyanyua uso, akaitikia:

"Marahaba."

Sikuwa nimemwamkia. Akanyanyua uso, kikombe kimesimama njiani, akanitazama midomoni akisubiri. Nikavaa kandambili zangu, nikashuka ngazi, nikaenda mahakamani.