Breki Yangu Imening'inia Kanisani

Jina langu mlifiche, maana huku Mbooni hata mbuzi wananijua. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na moja. Shule sikuingia hata kuchungulia. Haya nasema kwa mdomo, mjukuu wangu anayachapa kwa simu, na nimemwambia asinipambe.

Marehemu mzee wangu aliniachia pikapu ya Peugeot, ile ya zamani. Kijana wangu wa mwisho ndiye dereva. Ndiyo inashusha akina mama wa huku mlimani wakishikwa na uchungu, kwa sababu barabara yetu kwa pikipiki si ya mtu anayejifungua. Injini ni nzima kama mimi. Shida ni spea.

Mwaka huu dramu ya breki iliisha, lile bakuli la chuma linalokaa ndani ya gurudumu. Tukanunua mpya mjini, iko kwa boksi linang'aa. Haikumaliza hata msimu wa mvua. Tukishuka kutoka Kikima, mke wa jirani analia huko nyuma, ikapasuka. Kijana akaiegemeza gari kwenye tuta la shamba la watu, na mtoto akazaliwa hapo hapo juu ya magunia. Wako wazima. Lakini mimi tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kuangalia gari.

Fundi ametafuta hadi kwa wauza vyuma vikuukuu wa mji wa Salama. Za zamani zimeliwa na kutu, mpya ni zile zile za boksi. Akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, hii gari ilitengenezwa na watu walishakufa."

Nikamjibu, "Hata mimi, na bado natembea."

Akiwa chini ya gari, kengele ya kanisa ikalia. Akatoa kichwa. "Hiyo wanapiga ni nini?"

Ni dramu! Mzee wangu alikuwa na pikapu nyingine kama hii, ikafa, akatoa dramu yake moja iwe kengele. Fundi akaenda akaipima. Inaingia. Ukigonga ile ya dukani inasema tub, kama sufuria yenye ufa. Hii inasikika hadi ng'ambo ya mto. "Chuma kizima ndiyo hulia hivi," akasema. "Nikiichonga kidogo, imekubali."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kanisa, ambaye ni shemeji yangu.

"Mama, unampokonya Mungu?"

"Nawapa watoto wake breki."

"Kitu kilishaombewa hakirudi kwa gurudumu."

"Basi gari yangu itatembea ikiwa imeombewa."

Wanawake waliokuwa wakifagia kanisa wakacheka, yeye hakucheka. Akasema kamati itakaa. Kamati hiyo ikikaa husahau kuinuka.

Sasa Jumapili ikilia siwezi kuomba, nasikia breki tu. Na huyu mjukuu anayenichapia ni mja mzito, tumbo lake limeshuka. Ananiambia, "Susu, nyanya yangu, hiyo tusiandike." Andika!

Ngazi ninayo. Waya wa kengele najua ulivyofungwa, kwa sababu mimi ndiye nilishikilia ngazi mzee wangu akiufunga. Lakini ni yeye pia alisimama mbele ya watu akasema hii ni ya Mungu milele, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Hiyo amina ndiyo inanikaba.

Wanangu, msiniambie niuze gari. Niambieni hivi tu: niingojee kamati, ama nipande?