Fundi wa Nukta Tatu

Enzi zetu, nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, hakikuingia kitu bila jina la aliyekitengeneza. Mkeka wa sebuleni ulikuwa wa Bi Mwanaisha, mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ya fundi Shee, na kitanda alichozaliwa mama yangu kilichongwa na mzee mmoja wa Siyu ambaye bibi alimtaja utadhani amepita mlangoni asubuhi ile ile. Siku hizi naishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ambako mtu hununua kontena zima la vitu na asijue hata kimoja kimetoka mkononi mwa nani. Nami ni mmoja wao, sijitoi.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi jioni, akishafukiza udi, alitoa mrashi kabatini, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia maji ya mawaridi. Alitunyunyizia wajukuu vichwani, mmoja mmoja, huku akiwaombea mafundi wote wa nyumba. Mungu amlipe kheri Mwanaisha kwa mkeka. Mungu amlipe kheri Shee kwa mbuzi. Sisi tulikuwa hatutulii, maana nje wenzetu wameshaanza kucheza kibe na jikoni viazi vya karai vinapoa. Akifika kwenye mrashi wenyewe alikwama kidogo, kisha akasema, "Na fundi wa kioo hiki, jina lake Mola analijua." Jambo hilo lilimkera sana. Alikuwa akituambia, "Atakayesafiri kati yenu aniulizie jina la mtu huyu. Naona haya kumwombea kama mpita njia."

Mrashi wenyewe ulikuwa mwekundu kama maji ya komamanga, umechongwa maua, na palipochongwa pakaonekana kioo cheupe cha ndani. Shingoni ulizungushiwa dhahabu. Babu aliununua kwa Mhindi mmoja pale mjini kabla hajaoa, naye Mhindi akamwambia umetoka Bohemia. Basi sisi tukaipenda Bohemia kuliko Maka na Madina, Mungu atusamehe. Siku moja darasani nikamwuliza mwalimu wa jiografia atuonyeshe Bohemia kwenye ramani. Akapitisha fimbo Ulaya yote, akasema nchi hiyo haipo, kumbe ni jina la kale tu, na darasa zima likanicheka. Nilirudi nyumbani nalia. Bibi, mkono wake umo kwenye unga, akaniambia, "Kama nchi haipo, mbona chupa yake ipo? Mwambie mwalimu wako aje niinyunyizie ramani yake."

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku za mwisho za Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, vyombo vyote vya kabatini viliteremshwa vikaoshwa kwa jivu lililochekechwa na ndimu. Kushika mrashi haikuwa kazi ya kila mtoto. Mwaka nilipotimiza miaka tisa nilipewa mimi, nikajiona mtu mzima. Chini ya kitako nikakuta kikaratasi cha duara, kimeungua rangi, kina maandishi nisiyoyajua. Kwangu huo ulikuwa uchafu. Nikausugua kwa jivu na ndimu, nikaukwangua kwa ukucha, hadi ukaisha wote. Bibi akaigeuza chupa kwenye mwanga, akanipa kashata mbili, akasema mikono yangu ina baraka.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoelewa kile kikaratasi kingeweza kuwa nini. Kila Alhamisi bibi anaulizia jina, na jina nimelimwaga mimi na maji machafu. Sikumwambia. Akafa bila kulijua, nami nikabaki na kosa hilo moyoni mpaka nimeota mvi.

Mwaka huu mama yangu, naye sasa ni mzee wa macho hafifu, alinipa mrashi nije nao huku. Mdomo wa fedha wa chupa ulikuwa umelegea, hauzibi tena, na harusi ya binti yangu Salma imekaribia. Mama alitaka siku ya harusi amkabidhi Salma chupa na dua yake. "Nifanyizie huo mdomo," aliniambia, "na ukimpata mtu ajuwaye vioo, niulizie lile jina. Sitaki nimpe mwanao dua ina tundu." Salma mwenyewe aliupiga picha kwa simu akasubiri simu imjibu. Ikamjibu kwamba ni chupa ya zamani. Vijana wetu hawa wana elimu nyingi ya mlangoni.

Jirani yangu wa duka hapa Xiaobei ni Maman Josée, Mkongo wa Lubumbashi. Ndiye aliyenitoa kwenye kukata tamaa. "Dada Rukia, iko muzee moja anaitwa Shifu Liang," akasema. "Alifanya kazi ya dhahabu kwa vioo miaka mingi sana. Twende tu, après soko, tukishafunga." Shifu, kwa Kichina, ni fundi bingwa. Tukapanda ghorofa tatu nyuma ya mtaa wa Dengfeng, mrashi nimeufunga kwa kanga kama mtoto mchanga.

Mzee Liang hakuangalia maua wala rangi. Aliugeuza kwanza, akatazama kitako, pale pale nilipokwangua. Kwa Kichina changu cha sokoni nilimfuata vizuri, maana alisema polepole na kwa kidole. Akanionyesha kiduara laini katikati ya kitako, ambapo fimbo ya mpulizaji kioo ilikatwa kisha pakasagwa kwa gurudumu. Akanipapasisha ubavu wa chupa nihakikishe hakuna mshono wa kalibu ya kumiminia kioo. Akainamisha penye ua, nione wekundu ni ngozi ya kioo iliyovikwa juu ya kioo cheupe, si rangi ya kupaka. "Mhindi wenu hakudanganya," akasema. "Kazi hii ni ya Bohemia." Nikamwuliza ya kiwanda gani. Akasema viwanda vilikuwa vingi, vilifanana kazi, na wengi hawakutia jina ila kwa karatasi ya kubandika. Akaniuliza, hiyo karatasi iko wapi?

Nikamwambia. Mtu wa kwanza kumwambia maishani mwangu alikuwa mzee wa Kichina nisiyemjua. Hakunilaumu. Alichukua kioo cha kukuzia, akasogea dirishani, akakaa pale muda mrefu. Kisha akaniita. Ukingoni mwa kitako palikuwa na alama za dhahabu zilizofifia: namba, na pembeni yake nukta tatu ndogo zilizopangwa kama mafiga. Namba ni ya nakshi, akasema, ya kitabu cha kiwanda, nayo peke yake haitoshi kutaja kiwanda. Lakini nukta si za kiwanda. Ni za mtu aliyepaka dhahabu, aliziweka ili kazi yake ijulikane miongoni mwa kazi za wenzake. "Mimi nilikuwa naweka mstari mmoja na nukta moja," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akataka kujua kwa nini tunalitafuta jina, kama nauza. Nikamweleza habari ya bibi na Alhamisi zake. Akawa anaufunga mrashi kwenye kanga yangu, kunjo kwa kunjo. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kama mama yangu bado anaomba, nimtajie na jina lake.

Mdomo wa fedha alikuwa ameshatutengenezea mwenyewe. Usiku ule nilimpigia mama nikamwungamia habari ya karatasi kama mtoto wa miaka tisa. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Rukia," akasema, "hiyo dhahabu ya shingoni waona ilivyoisha? Niliila mimi kwa jivu na ndimu. Na kabla yangu nyanyako. Sote tumemsuguwa mtu huyu kwa mapenzi." Kisha akaniambia nimhesabie tena zile nukta.

Enzi zetu hatukuwa na simu ya kutujibu, tulikuwa na mtu wa kutuombea, na leo najua kwamba tulikuwa matajiri. Watoto wetu wana kila kitu kwa wingi, na vitu vyao ni yatima. Lakini nisiwaonee. Kwenye harusi Salma, hina haijakauka mikononi, alisimama mbele ya wanawake wa ukoo akaunyanyua mrashi, akatunyunyizia vichwani. Alimtaja Mwanaisha, akamtaja Shee, akamtaja mzee wa Siyu. Akafika pale bibi alipokuwa akikwama. Mama akamshika kiwiko, nami nikafumba macho.

"Na fundi wa nukta tatu," akasema binti yangu, "na Liang wa Guangzhou. Mungu awalipe kheri."