Ndege wa Jumamosi na Mutama wa Mama

Bwana yangu alikuwa fundi wa kituo cha utafiti, kule upande wa Katana. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege: mahali pale pale, saa ile ile, namna ile ile, mwaka hata mwaka, ili ijulikane wanazidi ama wanapungua. Hata nyumbani, tangu tuhamie Ibanda, kila Jumamosi asubuhi alikaa chini ya muavoka wetu akihesabu ndege wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu. Vita ilipofunga barabara ya kituo, akabaki na hesabu hiyo tu.

"Hii nayo ikivunjika," aliniambia, "nani atasema vita imekula nini?"

Ndege walikuwa wanapungua. Watu walikata mikaratusi ya jirani wakaichoma kuwa makala, makaa ya kupikia. Siwalaumu, makala yale na sisi tuliyapikia.

Mama yake alikuwa amekimbia vita akaja kwetu na mufuko wa mutama. Kila Jumamosi alimuona mutoto wake akiingia kichwa chini.

Halafu Jumamosi moja lupango likajaa ndege. Bwana yangu akaingia mbio: "Maman, wamerudi!" Mama akacheka, akaendelea kuchagua maharagi.

Chai haijaisha, bwana akaweka kikombe chini. "Chozi, wale ndege wa kunyonya maua, sikuona hata mumoja. Wote waliokuja ni wa kula mbegu." Akatoka, akainama nyuma ya ua, akarudi na punje mukononi.

"Maman, hii ni nini?"

"Mutama. Leo ndiyo unauona?"

"Nani aliumwaga?"

"Mimi. Nilichoka na huo uso wako wa matanga. Ulitaka ndege, nikakuletea ndege. Unalia nini tena?"

"Huku si kuhesabu, Maman. Huku ni kualika."

"Na kwa ndoa yako, watu walikuja bila kualikwa?"

Nikacheka. Bwana akaniangalia, nikameza kicheko.

Sina masomo mengi, pengine nakosea, lakini niliona wote wawili wako na haki. Wale ndege walikuwa wa kweli, mama hakuwaumba. Ila miaka ya nyuma hatukumwaga kitu, basi wa leo wangepimwaje na wa zamani? Bwana aliandika "mutama" pembeni ya Jumamosi ile, akaiacha inje ya hesabu.

"Na mutama wangu uliobaki?"

"Tutaula bugari, Maman."

Jumamosi iliyofuata mama akaomba kukaa naye. Akafunga kikwembe chake vizuri, akaweka mikono katikati ya magoti kama yuko misani. Kikohozi kilimujia, akakizuia. Mimi niliwaangalia kwa dirisha. Walikaa sana. Chozi mudogo akaja kwenye ua la mugomba, akanyonya, akaenda. Mama hakugeuza kichwa. Aliinua kidole kimoja tu. Bwana akaandika.

Wakangoja tena. Hakuna mwingine.

"Mumoja tu?" mama akauliza saa ilipokwisha.

"Mumoja, Maman."

Akamushika mutoto wake mukono.

"Basi umuandike vizuri, asipotee."