Kikohozi Chini ya Migomba

Nimezaliwa Singida, nchi tambarare, ambako mtoto akipotelea machungani unapanda juu ya jiwe, unaita, naye anasikia hata akiwa ng'ambo ya mbuga na mbuzi wake. Sauti yangu ilikomalia huko. Mume wangu hunitania kwamba aliponioa aliokoa gharama ya simu. Nami nilikuwa najivunia, mpaka alasiri ile hapa Kisiba, kwa Wanyakyusa, ambapo sauti hiyo nusura iniulie mtoto.

Tunaishi na baba mkwe. Wanangu ni wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Siku ya harusi yangu mzee huyu alinipa mkono mbele ya watu, na wazee wenzake wakaguna, maana kwa mila yao ya zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mmoja akitokea, mwingine anapisha njia, na mwanamke anajifunika kanga. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Akasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Miaka kadhaa tulikula meza moja na kubishana juu ya chumvi.

Kisha akaanza kusahau. Yalianza kumtoka kichwani mambo ya karibuni: kifo cha mke wake, majina ya wajukuu, choo kiko upande gani. Na ule mkono alionipa harusini ukatoka nayo. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akafunika uso kwa kiganja na kugeukia ukutani. Niliudhika, sifichi. Mashuka nifue mimi, halafu nikimbiwe kama nina ndui? Mume wangu akaniambia, "Mama watoto, vumilia. Amerudi kwenye mila ya baba zake."

Basi tukapanga. Mume wangu alimwogesha kabla ya kwenda kwenye mashamba ya chai, binti yangu akampelekea sahani, na mimi nikakaa mbali. Mzee akitaka kuvuka ua alikohoa kwanza, kikohozi kikavu, koho-koho, ili niingie jikoni apite. Vifungo vya shati alisahau, fimbo aliisahau kila siku, lakini kukohoa hakusahau.

Mzee mwenyewe sikumwogopa. Niliogopa mapenzi yake kwa yule mdogo. Walikuwa chanda na pete. Alipenda kumfunga mgongoni kwa blanketi na kuzunguka naye uani akimwimbia Kinyakyusa, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani roho ikiwa juu. Nyuma ya nyumba migomba inateremka hadi ziwani, na ziwa letu halina ufukwe wa kuchezea. Kuna ukanda mwembamba wa matope, halafu kina ambacho watu wa hapa hawajisumbui kukipima.

Alasiri ile nilikuwa barazani kwenye cherehani, nashona majoho ya kwaya. Ukungu ukashuka kama ilivyo kawaida yake msimu wa mvua, ukameza jiko, ukameza mparachichi, nikaendelea kukanyaga cherehani. Niliposimamisha gurudumu kukata uzi, niliona ua umekuwa kimya mno. Binti yangu alikuwa mlangoni anachambua maharage, peke yake. Chumba cha mzee kilikuwa wazi na blanketi halikuwapo.

"Baba!" niliita. "Babaa!"

Kutoka chini, migombani, kikaja kikohozi. Koho-koho.

Nilimshukuru Mungu na kuteremka mbio. Nilipofika pale nilipodhani kimetokea hapakuwa na mtu, ila migomba inadondosha maji. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Kikohozi kikajibu, chini zaidi. Nikateleza, nikaanguka, nikainuka, nikaita. Kikajibu, na safari hii nyuma yake nilisikia matete. Matete yako ziwani tu. Nilivuta pumzi niite kwa sauti yote niliyojaliwa, na hapo hapo nikaelewa.

Hakuwa ananijibu. Alikuwa ananiomba nipishe. Na kwa kuwa kila akikohoa mimi nilizidi kumfuata, yeye ndiye aliyekuwa ananipisha, na njia ya kunipisha ilielekea majini.

Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, na nimezaa mara mbili. Binti yangu alikuwa amenifuata, yuko nyuma yangu na maharage mkononi. Nilimwinamia nikamnong'oneza, "Shuka kwa babu. Mwambie mama ameshapisha, njia ya nyumbani nyeupe. Usikanyage matope." Akashuka, na baada ya migomba miwili sikumwona tena. Nilikuwa nimemtuma mkubwa kumfuata mdogo, na kama wote wangezama nisingekuwa na wa kumlaumu.

Nilitoka njiani, nikachuchumaa kando ya shina, nikajifunika kanga kichwani na kugeukia mlimani, mgongo ukielekea ziwani. Ndivyo mkamwana anavyopisha. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka. Nilisikia maji yakichezewa. Nikauma kanga. Nikasikia sauti ndogo ya binti yangu, kisha kimya, kisha maji tena, na nikaomba maombi ambayo hayakuwa na maneno, ni "tafadhali" tu, tafadhali, tafadhali.

Koho-koho.

Kilikuwa karibu. Sikugeuka. Hatua zikapanda polepole, nzito, na nyepesi pembeni yake, na mzee alikuwa anamweleza binti yangu, kwa upole kabisa:

"Yule mkamwana wa watu ana halaka. Anamwita baba yake. Njia yenyewe nyembamba, ndo maana tulikuwa tunampisha."

Walipita nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa. Yule mdogo akasema "mama" kutoka mgongoni kwa babu yake, na mimi sikuitika. Walipokuwa wamenipita hatua kadhaa nilifunua upindo wa kanga kidogo, nikawatazama kwa nyuma. Suruali ya mzee ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Ndani ya blanketi mguu mmoja wa mwanangu ulining'inia, hauna kiatu, unadondosha maji.

Ningeita tena mara moja tu, angenipisha.