Mlango wa Uani wa Duka la Ushirika

Sukari ilipoadimika, serikali ilifunga maduka ya watu binafsi pale Bagamoyo mjini ikafungua duka moja la ushirika. Nia ilikuwa njema. Watu wa bara, wa Fukayosi na Kiwangwa, walinung'unika kwamba sisi wa mjini tunakunywa chai tamu na wao wanaolima wanakunywa uji wa chumvi. Ikaamriwa basi: bei moja, kilo moja kwa kila kaya, foleni moja. Mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nikapewa mizani.

Amri haikusema lolote kuhusu mama zetu. Wanawake wa nyumba za zamani hawakusimama juani katikati ya wanaume. Tangu enzi za maduka ya watu binafsi walihudumiwa mlango wa uani. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilipima kilo mbele, nikapima kilo nyuma, na kwangu hiyo ilikuwa haki tupu.

Jumamosi moja lilibaki nusu gunia na foleni ndefu bado. Bibi mmoja wa Fukayosi, aliyekuja kutafuta sukari ya arobaini ya mumewe, akaegemea kaunta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, sukari yenu imeota miguu? Sisi tuko pale pale, gunia linakonda!"

Watu wakacheka. Kisha mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka pembeni mwa duka: "Inatokea uani! Nimeyaona makapu!"

Kicheko kikakatika. Wakasogea wote kwa pamoja, mbao za kaunta zikalia. Mtu akasema, "Mlanguzi." Siku zile neno hilo lilitosha kumtia mtu ndani. Nilitaka kuwaeleza desturi yetu, lakini wake zao walikuwa wamesimama juani tangu alfajiri. Ningewaambiaje kwamba wetu hawasimami juani?

Mama yangu alikuwa uani, akayasikia yote. Nikamwona anatokea mbele ndani ya buibui lake, kapu tupu mkononi, akipita katikati ya watu wenye hasira. Nilidhani watampiga. Akafika mwisho wa foleni.

"Wa mwisho ni wewe, baba?"

"Ni mimi."

Akasimama nyuma yake. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja. Nikautia komeo mlango wa uani.

Bibi wa Fukayosi alipata kilo yake. Alipompita mama alimtazama usoni, hakumsalimia. Sukari ikaisha kabla haijamfikia mama, naye akarudi nyumbani na kapu lake tupu.

Mlango ule sikuufungua tena, ila nilikuwa nimechelewa. Miaka yote ya duka lile, watu wa bara walipofika walizunguka nyuma kwanza, wakautikisa mlango kuona kama umefungwa. Nami ndani, kila niliposikia komeo likigonga, nilishusha mizani na kungoja wazunguke tena mbele.